Chumvi Imefika Jioni

Kwenye bendi yetu hatutumii lugha ya vitabu vya mashine. Amplifaya ya shemeji yangu, lile sanduku linalokuza sauti ya gitaa lake, ina vitufe vinne vya kuzungusha, na kila kimoja tumekipa jina la jikoni. Cha kupandisha na kushusha sauti ni moto. Cha besi ni unga. Cha sauti za kati ni mafuta. Cha sauti za juu, zile nyembamba zinazometameta na zikizidi zinachoma sikio, ni chumvi. Ukipita nje ya ghala letu siku ya mazoezi utasikia watu wazima wakiambiana punguza unga, ongeza mafuta, na utadhani tumefungua mgahawa.

Namba za kwenye vitufe zilifutika zamani, kwa hiyo tunavisoma kama saa. Kila kitufe kina mstari mweupe, na mstari huo kwetu ni mshale mfupi wa saa ya ukutani. Kitufe kikiwa kimefungwa kabisa mshale umelala chini kushoto, pale pa saa moja asubuhi. Ukikizungusha unapanda, juu kabisa ni saa sita mchana, halafu unateremka upande wa kulia hadi saa kumi na moja jioni. Hapo kitufe kinagoma. Hakuna saa kumi na mbili kwenye amplifaya, na kwa miaka mingi sikuona sababu ya kulifikiria jambo hilo.

Shemeji ndiye mpiga solo wetu. Watu humwita Nyuzi, na hata dada yangu aliyeolewa naye humwita hivyo akitaka kumtania. Mimi napiga besi, naitwa Nguzo, na kazi yangu ni kusimama kando ya amplifaya yake, sikio la kushoto limeielekea, na kutoonekana. Mpiga besi ni mtu ambaye hakuna anayejua kuwa yupo mpaka siku asipokuja. Nyuzi ndiye aliyenitia kwenye bendi nilipokuwa bado na nywele, akanionyesha pa kusimama, na sijahama.

Zamani ilikuwa raha kumtazama akipika sauti yake. Alinikabidhi gitaa, akaniambia nipige nyuzi wazi, kisha yeye akatembea hadi mlangoni na kutega sikio. Alisema gitaa halionjwi mbele ya spika, linaonjwa pale atakapoketi msikilizaji. Anarudi, anagusa unga kidogo, anakwenda tena. Anarudi, mafuta. Chumvi aliitia mwisho, kwa ncha za vidole viwili, na mshale wake ulisimama saa nne asubuhi. Hapo gitaa lililia vizuri mpaka seremala wa jirani, mtu asiyependa chochote, alizima msumeno wake. Ili pasiwe na ubishi Nyuzi alichukua rangi nyekundu ya kucha ya dada, akapaka nukta pale penye saa nne ya chumvi, na akatangaza kwamba atakayeivuka nukta ile atakuwa amemtukana.

Aliyeivuka ni yeye mwenyewe. Ilianza pole pole, baada ya mvua za mwaka jana. Siku moja mshale ulikuwa saa tano, siku nyingine saa sita kamili. Wa kwanza kuona alikuwa binti wa kinanda, ambaye kiti chake kinatazamana na spika. Alianza kukunja uso kila solo ilipoingia, kisha akahamisha kiti, kisha akaja na pamba mkobani. Mimi sikuona kasoro yoyote, lakini mimi ni mpiga besi. Mambo ya ghorofani hayanihusu, mimi naishi chini.

Wenzetu walikuwa na mdomo, nani asiye nao. Walisema mzee anatia chumvi. Walisema amekula chumvi nyingi mpaka ulimi umekufa ganzi. Nyuzi alicheka pamoja nao, na hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na wasiwasi, kwa sababu kicheko chake kilichelewa kidogo. Aliwatazama kwanza midomo, akahakikisha wanacheka, kisha akacheka. Mtu aliyekuwa akisikia uzi mmoja uliolegea kati ya sita, watu wakiwa wanaburuta mabenchi, sasa alikuwa anasubiri kuona kama kuna kichekesho.

Kila alipoulizwa alikuwa na mshtakiwa mpya. Kwanza zilikuwa nyuzi za gitaa, zimekula jasho, akazibadilisha. Halafu ukawa waya, umekatika ndani kwa ndani, tukaleta mwingine. Halafu ukawa ukuta wa ghala, eti umechota unyevu na unameza sauti. Nikamwambia ukuta huu umetusikiliza miaka yote bila kulalamika, leo umeanza lini kula. Hakukasirika, na Nyuzi wa zamani angekasirika.

Mwishowe lawama zikaifikia amplifaya yenyewe. Tuliibeba mimi na yeye, kila mmoja mkono wake, hadi kwa fundi wa redio mwenye kibanda nyuma ya duka la vipuri. Nyuzi alimweleza kwamba sauti imekuwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Akasema lazima ni valvu, zile taa ndogo za kioo zinazowaka ndani, zitakuwa zimechoka. Fundi alifungua mgongo wa sanduku, akapima hiki na kile, akapuliza vumbi, kisha akachomeka gitaa na kupiga uzi mmoja. Aliruka kama aliyeguswa na umeme, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye chumvi kuirudisha chini.

Aliuliza ni nani aliyeiweka pale. Nyuzi alikuwa ameinama anatazama zile taa, na hakuinua kichwa. Fundi akanitazama mimi. Kisha akamgusa Nyuzi begani na kumwambia taratibu, uso kwa uso, "Mzee, mashine hii ni nzima. Haina ugonjwa wowote."

Sijawahi kuona mtu akipewa habari njema na kusawijika kiasi kile. Alishikilia kwamba valvu zibadilishwe hata hivyo, na fundi akabadilisha huku akitikisa kichwa. Tulipokuwa tunarudi na mzigo wetu Nyuzi alitembea upande wa ndani wa barabara na kunitanguliza mimi kwenye kila makutano. Pikipiki moja ilitupita ikipiga honi na yeye akashtuka ilipokwisha kupita, akasimama, mkono umeshika kifua. Nilijifanya sikuona. Niliogopa kwamba nikisema neno, litakuwa kweli.

Wiki hiyohiyo dada aliniita kwao. Nilimkuta jikoni amenuna. Alisema amenipigia simu tangu asubuhi, simu inaita tu, haipokelewi. Nikamwambia simu hizi za siku hizi zina milio ya kipuuzi, myembamba, mtu hawezi kuisikia ikiwa mfukoni. Akasema haya, tuache simu, kaa hapa. Akaweka birika juu ya jiko. Ni birika la zamani, lina kipenga kwenye mdomo, na maji yakichemka linapiga mluzi unaosikika mpaka kwa jirani.

"Mdogo wangu," alisema, "jana nimemwacha Nyuzi ameketi hapohapo ulipokaa. Nikaenda kuanua nguo. Birika limelia mpaka mke wa jirani ameniita dirishani. Naingia, jikoni kumejaa mvuke, yeye anachambua mchele."

Nilimwambia labda alikuwa na mawazo. Akaniambia mawazo hayazibi masikio. Mwanzoni alidhani ameamua tu kujitia pamba, kama wanaume wafanyavyo wakiombwa kutengeneza mlango, na alikuwa amemfokea hasa. Siku moja alimtupia methali, akamwambia sikio la kufa halisikii dawa, kisha akauona uso wa mumewe na akatamani kulimeza lile neno. Sasa alikuwa anaogopa kumtuma sokoni. Aliogopa magari. Aliogopa zaidi mjukuu wao, mtoto wa kike wa miaka mitatu mwenye sauti ya ndege, kwa sababu Nyuzi alikuwa amekataa kuachwa naye peke yake ndani ya nyumba. Yule babu aliyekuwa akimbeba mgongoni siku nzima sasa mama wa mtoto akitoka tu, naye anavaa viatu.

Baadaye nilikuja kujua sababu, aliniambia mwenyewe. Alisema mtoto anamjia, anamwangalia, anasogeza midomo, na hakuna kinachotoka. Alisema anaogopa siku mtoto atakapoanguka bafuni na kumwita babu, na babu awe amekaa chumba cha pili anasafisha gitaa. Alikuwa haoti ndoto nyingine.

Dada alitaka aende hospitali akapimwe masikio. Nilipewa kazi ya kumshawishi, nikaenda nikamshawishi, na nikarudi mikono mitupu. Jibu lake lilikuwa fupi. "Nikipimwa nitakuwa kiziwi. Nisipopimwa nina amplifaya mbovu."

Hapo katikati Kiongozi akaja na habari. Kiongozi ndiye mwimbaji wetu na ndiye mwenye bendi, mtu mzuri ambaye hapendi kusema jambo baya, kwa hiyo analizunguka mpaka wewe mwenyewe unamsaidia. Alisema hoteli moja inatafuta bendi ya kudumu, ya kupiga kila wikendi alasiri. Alisema meneja wake atatusikiliza mara moja, akipenda tumepata, asipopenda basi. Akasema meneja huyo ni mtu wa masikio mepesi. Akakohoa. Akasema kuna kijana mmoja wa mtaa wa pili anapiga solo si vibaya, na kwamba hasemi hivyo kwa nia yoyote. Alikuwa anamtazama Nyuzi muda wote, na Nyuzi alikuwa anaitikia kwa kichwa kila Kiongozi alipotua kupumua. Sidhani alipata hata nusu ya maneno. Ila habari ya yule kijana aliisoma vizuri midomoni.

Siku iliyofuata nilimkuta ghalani peke yake, gitaa begani, amepiga magoti mbele ya vitufe. Mshale wa chumvi ulikuwa umeshuka upande wa kulia.

"Shemeji," nikamwambia, nikisimama mahali anaponiona, "chumvi iko saa tisa."

"Najua iko wapi. Nina macho."

"Wenzio wanaumia."

Aliketi juu ya sanduku la amplifaya akanitazama sana. "Na wewe? Unaumia?"

"Mimi nimezoea," nikasema.

Alipiga uzi mmoja wa juu na kuuacha. "Hapa mimi nasikia kidole kikigonga. Basi. Kile kinachofuata, ule mng'ao, hakipo. Nikifungua chumvi kinarudi, nafurahi, naenda kulala. Kesho yake kimekwenda tena mbele. Nakifuata, shemeji. Saa tano, saa saba, saa tisa. Nakifuata na kitufe kinakwisha."

"Kikifika kumi na moja?"

"Ndicho ninachoogopa."

Aliishusha mikono yake magotini, ile mikono ambayo nimeitazama nusu ya maisha yangu. Nilimwogopea yeye, nikamwogopea dada, na kusema kweli niliiogopea bendi pia, kwa sababu bila gitaa lake sisi ni watu watano wanaopiga kelele kwa utaratibu. Tulizungumza hadi seremala alipofunga karakana. Nilimwambia kuna njia. Nukta nyekundu ipo. Siku ya hoteli atie chumvi saa nne, kwa macho, na asiiguse tena. Sauti atakayoisikia yeye itakuwa ya blanketi, lakini watu watasikia ile ya zamani. Vidole vyake havijazeeka, na vidole havihitaji sikio.

Alisema ni sawa na kumwambia mpishi apike asionje. Nikamwambia wapishi wa hoteli kubwa hawaonji, wanapima kwa kijiko. Sijui kama ni kweli, lakini alitabasamu. Alikubali kwa sharti moja, kwamba nisimame karibu naye, na nikiona mkono wake unarudi nyuma kwenye kitufe nimzuie. Nikaahidi.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na mapazia mazito, meza zenye vitambaa, na jukwaa dogo ambalo lilitubana kama soksi. Wageni walikuwa wanakunywa chai ya alasiri na watoto wao. Meneja aliketi pembeni, mguu juu ya mguu. Nyuzi alipanga vitufe vyake mbele yangu, moto, unga, mafuta, na chumvi akaisimamisha juu ya nukta, akaikagua mara mbili kwa kuinamisha kichwa. Kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka kabla hatujapiga hata wimbo mmoja.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri mno. Niliwaona watu wakigeuza viti. Binti wa kinanda, ambaye hakuwa amemtazama Nyuzi kwa upole kwa miezi, alikuwa anatabasamu, na pamba yake ilibaki mkobani. Meneja alikuwa anatikisa mguu. Mimi nilikuwa nakunja ngumi moyoni kwa furaha, lakini nilipomtazama shemeji niliona mtu anayetembea nyumbani kwake gizani, anapapasa ukuta. Kila alipomaliza kipande aliniangalia mimi aone kama kimetoka. Nilimwitikia kwa kichwa. Akaenda kipande kingine.

Kisha Kiongozi akaita ule wimbo wetu wa polepole, ambao katikati yake vyombo vyote vinashuka na gitaa linabaki linazungumza peke yake. Nilijua papo hapo kuwa ni kosa. Penye kelele mtu anaweza kujidanganya, lakini pale angebaki na vidole vyake vikigonga, tap, tap, juu ya ukimya. Solo iliingia. Nilimwona akipiga vipande vitatu vinne huku uso wake ukikauka. Alidhani nyuzi zimekufa. Alidhani watu wote wanamtazama anavyogonga mbao. Mkono wake wa kulia ukapata nafasi kati ya noti mbili, ukarudi nyuma bila yeye kutazama, ukashika chumvi na kuizungusha yote, hadi ikagoma.

Nilikuwa nimeahidi. Lakini mikono yangu miwili ilikuwa kazini, na besi ndiyo peke yake iliyokuwa inamshikilia pale katikati, kwa hiyo nilimkodolea macho tu. Yeye alikuwa amefumba yake. Alikuwa anatabasamu. Mng'ao ulikuwa umemrudia.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mhudumu aliyesimama ghafla na sinia. Kisha meza ya mbele wote wakaweka mikono masikioni. Mtoto mmoja alifungua mdomo kulia. Meneja alikuwa amesimama, uso umekunjamana, na binti wa kinanda ameacha kinanda na kujiinamia, viganja vimebana kichwa. Niligeuka kutazama kumetokea nini. Kiongozi alinipita mbio, akanipiga kikumbo karibu kuniangusha, akang'oa waya wa umeme ukutani.

Amplifaya ilikuwa inapiga mluzi. Chumvi ikifunguliwa yote na moto ukiwa juu, gitaa na spika vinaanza kulishana sauti, na kinachotoka ni mluzi mmoja mwembamba mkali usiokwisha. Walituambia baadaye kwamba ulidumu karibu solo nzima. Nyuzi alikuwa ameendelea kupiga chini yake kwa raha zake zote, macho yamefumbwa, mbele ya ukumbi mzima ulioziba masikio. Aliyafumbua gitaa lilipozimika kabisa. Aliwaona watu wakishusha mikono. Akatazama kitufe, akatazama mshale wake, halafu akanitazama mimi. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakungoja kifo.

Tulipokuwa tunafungasha, binti wa kinanda aliniuliza, macho bado yana machozi, mbona mimi niliyesimama palepale sikuizima. Nikamwambia mikono yangu ilikuwa kazini. Jibu hilo lilimtosha. Nami likanitosha.

Hoteli haikutuchukua siku ile. Kiongozi alikwenda nyumbani kwa Nyuzi akazunguka maneno hadi Nyuzi mwenyewe akamsaidia, akasema mlete yule kijana, mimi nimepumzika. Meneja alikubali kutusikiliza tena tukiwa na kijana huyo, na hivi sasa ndiye anayepiga solo. Dada alimpeleka mumewe hospitali. Wakamfungia kwenye chumba kidogo na vifaa vya masikioni, wakamwambia anyooshe kidole kila akisikia mlio, na kwa muda mrefu sana, alisema dada, kidole hakikunyooka. Sauti za juu zimekwenda na hazirudi. Miaka ya kusimama mbele ya spika imezila. Zilizobaki azitunze.

Nilikaa wiki kadhaa bila kwenda kumwona. Nilijiambia nina shughuli. Nilipokwenda ilikuwa asubuhi, dada yuko uani anaanika nguo, na Nyuzi ameketi jikoni, gitaa halipo popote. Nilivuta kiti kando ya jiko nikakaa. Tulianza kwa kutazamana kama watu waliotoka msibani. Kisha akaanza kuniuliza habari za kijana, na nilifurahi kuona bado ana wivu. Aliuliza kama anatia unga kwanza. Nikamwambia anatia vyote pamoja, kama mwendawazimu. Alisikitika sana. Akaniambia nimwambie chumvi ni ya mwisho, na ni ya kuonja kutoka mlangoni. Aliinuka akatoa kabatini kile kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, akakiweka mezani mbele yangu. Nukta imefifia, alisema, nikaipake upya kabla kijana hajapotea njia.

Nilimwambia kijana ana masikio mazuri, atajua mwenyewe. Nyuzi akasema hata yeye alikuwa nayo. Tukabaki tunaongea hivyo, mambo ya zamani, nani alikuwa anapiga nini, nikamfanya acheke mara mbili, na mara ya pili alicheka kwa wakati wake.

Mlango wa uani ulifunguliwa kwa kishindo. Dada aliingia na shati linalochuruzika maji, akapita katikati yetu, akazima jiko. Hapo ndipo nilipoona kwamba jikoni kumejaa mvuke na dirisha limetota. Birika lilikuwa karibu na kiwiko changu, linatetemeka.

Alimgeukia mumewe kwa ule uso wa huruma aliokwisha kuuzoea. Kisha pole pole akanigeukia mimi. Maji ya shati yalikuwa yanadondoka sakafuni.

"Huyu namjua," alisema. "Na wewe?"

Nilianza kusema kipenga cha birika kimechakaa, kinahitaji kubadilishwa. Maneno yaliishia mdomoni, kwa sababu niliyatambua. Nilikuwa nimeyasikia ghalani mwaka mzima, ya nyuzi na waya na ukuta na valvu. Nikakumbuka simu isiyolia mfukoni. Nikakumbuka ukumbi mzima ukiziba masikio na mimi nikigeuka kutazama kumetokea nini. Nyani haoni kundule. Nikashika ukingo wa meza.

Nyuzi alizunguka akasimama nyuma yangu, upande wa kushoto, upande uliotazama spika yake miaka yote hiyo. Nilijua anachofanya. Aliwahi kuniambia ndicho anachojifanyia kila asubuhi chumbani mwake, kusugua kidole gumba na cha shahada karibu na sikio, kusikiliza kama ngozi inalia. Alileta mkono karibu na sikio langu, mahali nisipoweza kuuona. Dada alikuwa ananitazama mdomoni.

"Unasikia?" Nyuzi aliuliza.

Nikasema nasikia. Nasikia vizuri kabisa, nikasema, vinasuguana.

Akauleta mkono wake mbele ya macho yangu, vidole vimekunjuliwa, vimeachana. Alikuwa bado hajavisugua.